Jericho ya Oxford: Mtaa Ulioponea Chupuchupu

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mji wa Oxford ulikuwa na mitaa miwili ya wafanyakazi ambayo mgeni angeweza kuichanganya kwa urahisi. St Ebbe's ulikuwa kusini-magharibi mwa njia panda ya Carfax, katikati kabisa ya mji. Jericho ulikuwa kaskazini-magharibi, mwendo wa robo saa hivi kwa miguu. Kote kuwili nyumba zilikuwa ndogo, za matofali, zimeshikana ukuta kwa ukuta, mlango wa mbele ukifungukia njiani na choo kikiwa uani. Halmashauri ya mji iliiona mitaa yote miwili kuwa imechakaa na haina mustakabali. St Ebbe's ukavunjwa karibu wote na wakazi wake wakatawanywa. Jericho ukabaki, na leo nyumba zile zile zilizoitwa mabanda zinagombewa na watu wenye fedha nyingi. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama bahati nasibu: mtaa mmoja ulipata, mwingine ukakosa. Mimi naona kina somo la kihistoria lililo wazi zaidi. Kushikana kwa nyumba, ambako wapangaji wa mji walikuita ugonjwa, hakukuwa ugonjwa hata siku moja. Mitaa hii iliua watu kwa maji machafu, ikawachosha kwa ufukara na kwa wenye nyumba wasiotaka kutengeneza paa. Msongamano ulikuwa shahidi tu aliyekutwa mahali pa tukio, akafungwa yeye badala ya mhalifu.

Jericho haukujengwa na mfalme wala chuo. Uliletwa na kazi. Hadi mwisho wa karne ya 18 sehemu hiyo, nje ya kuta za mji wa kale, ilikuwa bustani na malisho, na jirani yake mkubwa alikuwa hospitali ya Radcliffe Infirmary, iliyofunguliwa mwaka 1770. Mwaka 1790 mfereji wa mashua uitwao Oxford Canal ulifika mjini kutoka maeneo ya Coventry, ukileta makaa ya mawe kwa bei ambayo mji haukuwahi kuijua. Kabla ya hapo makaa yalizunguka baharini kutoka Newcastle hadi London, kisha yakapandishwa kwa mto Thames. Penye makaa pana moto, na penye moto pana viwanda. Mwaka 1825 kiwanda cha kusubu chuma, ambacho baadaye kilijulikana kama Eagle Ironworks cha William Lucy, kilihamia kando ya mfereji huo. Ukitazama chini katika njia za Oxford, vifuniko vingi vya mashimo na nguzo nyingi za taa zina jina la Lucy hadi leo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1830, Chuo Kikuu kiliuhamishia uchapaji wake Walton Street, ndani ya jumba lenye sura ya hekalu la Kirumi. Upande mmoja wa jumba hilo ulichapa Biblia na upande wa pili vitabu vya elimu. Msomaji wa Kiswahili ana hisa yake ndogo hapa, kwani kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 zote zilitoka kwa jina la shirika hilo, Oxford University Press.

Wachapaji, wasubuaji chuma, makuli wa makaa na wafuaji nguo wa hospitali walihitaji kulala karibu na kazi. Hapakuwa na basi, baiskeli ilikuwa haijabuniwa, na tramu za farasi zilipofika Oxford mwaka 1881 nauli yake haikuwa ya kibarua. Mtu alikwenda kazini kwa miguu alfajiri na kurudi usiku, kwa hiyo nyumba yake ilipaswa kuwa ndani ya mlio wa kengele ya kiwanda. Ardhi iliuzwa kwa vipande vidogo, na wajenzi wadogo wadogo wakapanga nyumba mbili hapa, nne pale, kadiri mfuko wa kila mmoja ulivyoruhusu. Ndiyo maana hata sasa mapaa ya Albert Street au Nelson Street hayalingani sawasawa na rangi ya matofali hubadilika kila baada ya milango michache. Ukubwa wa mtaa nao uliwekwa na mipaka isiyosogea: mfereji upande wa magharibi, Walton Street na majumba ya uchapaji na hospitali upande wa mashariki, bustani za chuo cha Worcester upande wa kusini. Jericho haukuwa na pa kupanukia. Ukajaa ndani kwa ndani, hata mtu akaweza kuuvuka wote kwa dakika kumi na kukuta kanisa, shule, duka la mkate, baa na kazi yake humo humo.

Hapa ndipo mashtaka yalipoanzia, na si mashtaka ya uongo mtupu. Ardhi ya Jericho ilikuwa ya bondeni, yenye mafuriko, na nyumba zilitangulia mabomba. Kinyesi kilikwenda kwenye mashimo na mitaro, mitaro ikamwagikia vijito, na kutoka vijito hivyo hivyo watu wakachota maji. Kipindupindu kiliupiga Oxford mwaka 1832, kikarudi mwaka 1849, kikarudi tena mwaka 1854. Baada ya mlipuko wa tatu, tabibu Henry Acland aliandika taarifa ndefu, iliyochapishwa mwaka 1856, pamoja na ramani aliyoonyesha humo mahali ambapo wagonjwa walipatikana katika milipuko yote mitatu, mwinuko wa ardhi, na vijito vilivyochafuka. Ramani hiyo inastahili kutazamwa kwa makini kuliko maneno mengi yaliyosemwa baadaye kuhusu uchafu wa maskini. Acland mwenyewe, kama madaktari wengi wa wakati wake, bado alisumbuliwa na fikra za hewa chafu. Lakini alama alizozitia zimekusanyika bondeni, kandokando ya maji machafu. Sehemu za mji wa kale zilizo juu, ambako majengo yalibanana vilevile na kwa karne nyingi zaidi, hazikuumia kwa kiwango kile. Kama kubanana kwa nyumba ndiko kulikoua, ramani ingekuwa na sura nyingine.

Ushahidi wa pili ni wa wakati. Katika miaka ya 1870 mji wa Oxford hatimaye ulijenga mfumo wa maji taka uliopeleka uchafu mbali, kusini mwa mji, badala ya kuumwaga katika mito inayozunguka makazi. Hakuna nyumba ya Jericho iliyosogezwa hata hatua moja mbali na jirani yake kwa sababu ya kazi hiyo. Kinyume chake, nyumba ziliendelea kuongezeka na nafasi zilizobaki zikazibwa. Kipindupindu hakikurudi. Ni kweli Uingereza nzima ilikuwa inakiaga kipindupindu wakati huo, mlipuko wake mkubwa wa mwisho ukiwa wa mwaka 1866, lakini hilo linaipa hoja nguvu zaidi, maana London, Oxford na kwingineko kilichobadilika kilikuwa maji na mabomba. Umbali kati ya nyumba na nyumba haukuguswa.

Tofauti moja lazima itajwe, kwa sababu wengi huipita. Nyumba kubanana ni jambo moja, watu kubanana ndani ya chumba ni jambo jingine. Familia ya watoto saba katika vyumba viwili vya kulala, pamoja na mpangaji aliyeongezwa ili kodi ilipike, iliambukizana kifua kikuu bila shaka yoyote. Lakini familia ile ile ingeambukizana vivyo hivyo katika nyumba iliyosimama peke yake shambani. Kilichokijaza chumba kimoja ni mshahara mdogo. Karne ya 20 ilipopunguza idadi ya watoto na kupandisha mishahara, vyumba vilipata nafasi huku kuta zikibaki pale pale.

Sifa mbaya, hata hivyo, haisubiri ushahidi. Thomas Combe, msimamizi wa uchapaji wa Chuo Kikuu aliyetajirika kwa biashara ya Biblia, aliamua kuwajengea wakazi kanisa. Mchoraji wa majengo Arthur Blomfield aliagizwa ajenge imara bila kupoteza fedha kwa mapambo ya nje, naye akasimamisha St Barnabas, kanisa la mtindo wa Italia lililowekwa wakfu mwaka 1869, mnara wake ukikamilika miaka mitatu baadaye. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya Blomfield, Thomas Hardy, alikuja kuutumia mtaa huu katika riwaya yake ya Jude the Obscure ya mwaka 1895, akaupa jina la Beersheba na kanisa lake akaliita St Silas. Jude ni fundi mawe anayetamani chuo na kufungiwa mlango. Riwaya ni kubwa, lakini imewaachia wasomaji picha ya Jericho kama mahali pa kushindwa, penye ukungu na huzuni, wakati mafundi halisi wa Walton Street walikuwa wakipanga herufi za Kigiriki na Kiebrania kwa mkono, na baadaye kurasa za kamusi kubwa ya Kiingereza iliyoanza kutoka mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928. Wasomi walijulikana kwa majina. Waliowasahihishia makosa ya chapa waliishi Jericho bila kujulikana.

Karne ya 20 ilileta uchakavu wa kweli. William Morris alipoanza kuunda magari Cowley mwaka 1913, uzito wa ajira ulihamia mashariki ya mji, na vijana wengi wakaufuata kwa baiskeli. Serikali ilizuia kodi za nyumba kupanda mwaka 1915, wakati wa vita, na vizuizi viliendelea kwa namna mbalimbali kwa miongo kadhaa. Mpangaji alilindwa, lakini mwenye nyumba akaona hana sababu ya kununua hata kigae kimoja. Mfereji nao ulikufa polepole tangu reli ilipofika mwaka 1844. Mwaka 1937 Morris, wakati huo akiitwa Lord Nuffield, alinunua gati la makaa la mwisho wa mfereji na kulitoa kwa ajili ya chuo kinachobeba jina lake. Tajiri wa magari akalizika gati la mashua chini ya chuo: kama kuna anayetaka kuieleza Oxford kwa tendo moja, hilo linatosha.

Basi, halmashauri ilipoutazama Jericho katika miaka ya 1950 na 1960, iliona mabati yenye kutu, unyevu ukutani, vyoo vya nje, na ardhi nzuri iliyo karibu na katikati ya mji. Mipango ikafikiriwa ya kuondoa makazi na kuweka shughuli za viwanda vidogo. St Ebbe's ulikuwa umekwisha kutangulia: wakazi walipelekwa kwenye nyumba mpya pembezoni, wengi wao Blackbird Leys, ng'ambo ya Cowley, na mahali pao pakajengwa barabara, maegesho na jengo la maduka la Westgate. Jericho ulipata mtetezi. Olive Gibbs, diwani wa chama cha Labour, mzaliwa wa Oxford ambaye baadaye aliongoza kampeni ya taifa ya kupinga silaha za nyuklia na kuwa Meya Mkuu wa mji, alishikilia kwamba nyumba zikarabatiwe na watu wabaki. Wakati nao ulimsaidia. Serikali kuu ilikuwa imeanza kuchoka na gharama za kuvunja, na Sheria ya Nyumba ya mwaka 1969 ilizipa halmashauri uwezo wa kutangaza maeneo ya uboreshaji na kutoa ruzuku kwa ajili ya bafu, choo cha ndani, maji ya moto na paa. Baadhi ya nyumba, hasa upande wa Cranham Street, zilivunjwa na kupisha fleti za halmashauri. Mtaa mwingine wote ulitiwa mabomba na kuachwa usimame. Kwa maneno mengine, karne moja baada ya kutengeneza mfereji wa maji taka chini ya barabara, mji ulimalizia kazi kwa kuuingiza ndani ya nyumba.

Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama ninawasahau waliofurahia kuhama. Mama aliyekuwa akichemsha maji ya kuogeshea watoto katika karai mbele ya jiko hakulia alipokabidhiwa nyumba yenye bafu na bustani Blackbird Leys. Kuidharau furaha hiyo kutoka kwenye kiti cha mwandishi ni ufidhuli. Lakini bafu lilikuwa kitu kimoja na kuhamishwa kilikuwa kitu kingine, na viliuzwa pamoja kana kwamba haviwezi kutenganishwa. Jericho ulithibitisha kwamba vinatenganishika: bafu lile lile liliwekwa nyuma ya nyumba ile ile, na mtu hakupoteza duka alilokopeshwa, dada aliyeishi mtaa wa pili, wala kazi ya kuifikia kwa miguu. Wengine husema St Ebbe's ulikuwa mbaya zaidi, kwa vile ulikuwa jirani na kiwanda cha gesi na uliingiliwa na mafuriko. Kiwanda cha gesi kilifungwa mwaka 1960, na Jericho nao ulikuwa na tanuri la chuma na mafuriko yake. Tofauti ya hali haikufikia tofauti ya hukumu.

Pingamizi zito zaidi ni la bei. Wanaosema kwamba Jericho ulinusurika kwa ajili ya matajiri wana ushahidi mbele ya macho yao. Uchapaji Walton Street ulikoma mwaka 1989. Radcliffe Infirmary, ambamo penisilini ilitumiwa kumtibu mgonjwa wa kwanza Februari 1941, ilifungwa mwaka 2007, na kiwanja chake kikawa cha Chuo Kikuu. Tanuri la Lucy lilizimwa mwaka 2005 na mahali pake pakawa fleti. Kazi zote zilizouzaa mtaa zimeondoka. Waliokuja ni wahadhiri, madaktari, wanafunzi wanaopanga vyumba, na wasafiri wa kila siku kwenda London, wakivutwa pia na riwaya za upelelezi za Colin Dexter na tamthilia ya televisheni iliyotokana nazo, ambayo kipindi chake cha kwanza mwaka 1987 kilihusu kifo Jericho. Oxford hutajwa kila mara miongoni mwa miji ya Uingereza ambako bei ya nyumba imeuacha mshahara mbali kabisa. Fundi wa leo hawezi kununua nyumba aliyoipanga babu yake kwa kodi ya wiki.

Nakubali yote hayo, lakini sioni kuwa yanaivunja hoja. Bei hupanda pale ambapo wanaotaka ni wengi na kitu ni kichache, na mitaa ya aina ya Jericho imekuwa michache kwa sababu ilivunjwa, kisha haikujengwa tena. Kwa miongo mingi wapangaji wa mji walidai nafasi ya gari kwa kila nyumba, barabara pana na umbali kati ya madirisha, masharti ambayo hakuna nyumba hata moja ya Nelson Street ingeyatimiza. Upande mwingine, ukanda wa kijani unaozuia mji kupanuka umeifunga Oxford kiunoni. Kilichobaki kinauzwa kama kitu adimu, na muuzaji hana deni la shukrani kwa Olive Gibbs. Aliyeutetea mtaa hakuuza. Na sera iliyohamisha nyumba za halmashauri kwenda kwa wanunuzi binafsi baada ya mwaka 1980 haikutungwa Jericho. Kama kuna la kumlaumu kizazi cha miaka ya 1970, ni kwamba kiliziokoa kuta kwa fedha za umma bila kuhakikisha kuwa sehemu ya nyumba hizo itabaki kwa wenye kipato cha kawaida.

Mgogoro wa gati la mashua la Castle Mill, kando ya mfereji, unaonyesha kuwa mvutano huo haukuishia hapo. Gati lilifungwa na waliokuwa wakitengenezea mashua zao hapo wakaondolewa mwaka 2006 ili ardhi iendelezwe. Wakazi, waliomo majini na walio nchi kavu, wakiungwa mkono na mwandishi Philip Pullman, walipinga mpango baada ya mpango. Walitaka gati, ukumbi wa jumuiya na uwanja mbele ya St Barnabas, na hawakuzikataa nyumba, mradi pasiwe na nyumba za kuuzwa peke yake. Madai hayo ni ya watu wanaojua kwamba mtaa mdogo hauishi kwa matofali peke yake.

Mimi natoa hukumu hii: kosa la Oxford halikuwa kuukarabati Jericho. Lilikuwa kuuvunja St Ebbe's kwa sababu ya kasoro ambazo bomba na ruzuku zingeziondoa. Westgate iliyojengwa juu ya ardhi hiyo ilifunguliwa mwaka 1972, ikajengwa upya kwa kiasi kikubwa na kufunguliwa tena mwaka 2017, baada ya miaka 45 tu. Nyumba nyingi za Jericho zilizodaiwa kwamba zimekwisha muda wake zimepita miaka 150, na bado zina watu.